Tathmini ya Nini?

Nakumbuka mkutano mmoja, mwanangu, uliofanyika kijijini kwetu kando ya Mto Lumemo, mwaka ambao mvua zilianza vizuri. Mpunga ulikuwa umefika magotini. Ukisimama barabarani asubuhi uliona kijani kitupu hadi chini ya milima, na katikati ya kijani hicho ndege yangeyange, weupe, wakitembea taratibu kama wenye mashamba. Nilikuwa nimeolewa msimu uliotangulia. Mikono yangu ilikuwa na nguvu, na kila nilichokula kilikuwa kitamu.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu yako. Juzi ulipotoka kwenye mkutano wa kikundi chenu cha wakulima kule Lipangalala, nilikuuliza wamesema nini. Ukaniambia, "Mambo ya mazingira tu, bibi. Tumepiga makofi tukaondoka." Sikukujibu siku ile, maana jibu lake ni refu. Leo mvua imekuzuia hapa nyumbani, basi kaa nikuambie.

Wakati ule daraja la Mto Kilombero halijajengwa. Mtu akienda Malinyi alivuka kwa kivuko, na akirudi alirudi na habari za kutosha wiki nzima. Msimu wa kilimo ukianza tulihamia mashambani. Kila familia ilikuwa na dungu lake, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, maji ya masika yakipanda yanapita chini yako nawe umelala salama. Jioni wanawake waliitana kutoka shamba hadi shamba, huyu anaomba chumvi, yule anauliza mtoto ameshindaje. Tulikula kambale waliokaushwa kwa moshi, na wali wa ile mbegu yetu ya zamani, shingo ya mwali, ambao jirani alisikia harufu yake kabla hujaepua. Siku hizi mnalima mbegu za muda mfupi, wala sizilaumu, zinazaa. Lakini harufu ile bado naitafuta katika kila sufuria.

Marehemu babu yako Longino alikuwa kijana mrefu, mwepesi wa kucheka. Ndiye aliyewasomea wenzake matangazo yakibandikwa kwenye ofisi ya kijiji, na jambo hilo lilimpa heshima mbele ya vijana wenzake. Mama yake, Bi Paskalina, alikuwa kinyume chake kabisa. Alisema polepole, Kiswahili kimechanganyika na Kindamba, na mara nyingi hakusema. Shamba lake lilikuwa kando ya mto kabisa, alilirithi kwa mama yake. Letu mimi na Longino lilikuwa juu kidogo, tumelisafisha wenyewe, na yale majaruba, vile vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta ya kuzuia maji, niliyatengeneza kwa mikono hii unayoiona imekunjamana.

Basi siku ya mkutano walikuja wageni wawili. Mmoja bwana mtu mzima, ndiye aliyehutubia. Mwingine binti, alikaa pembeni kimya. Yule bwana akasimama, akasema, "Ndugu wananchi, hapa inakusudiwa kujengwa skimu ya umwagiliaji. Kabla ya ujenzi, sheria inataka ifanyike tathmini ya athari kwa mazingira. Wadau wote mtashirikishwa. Na nikumbushe kwamba ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto hairuhusiwi shughuli yoyote ya kibinadamu ya kudumu."

Akauliza kama tumeelewa. Tukaitikia wote, "Ndiyooo!" Tukapiga makofi. Wakapanda gari lao, wakaondoka.

Kumbe kila mtu ameondoka na mkutano wake. Mzee mmoja jirani yetu alisema kwamba shughuli zimepigwa marufuku, kwa hiyo hakuna tena harusi wala ngoma kwa wanaokaa karibu na mto, na mwanawe alikuwa anaoa baada ya mavuno. Alihuzunika kweli, wala hakuwa anatania. Mama mmoja alisema wadau ni wale wanunuzi wa mpunga wanaokuja na malori, sisi hatuhusiki. Na wengi, karibu wote, walishika neno moja tu: tathmini.

Nikueleze kwa nini. Miaka michache nyuma, nguzo za umeme zilipita upande wa juu wa kijiji. Waliopitiwa walifanyiwa tathmini. Walikuja watu, wakaangalia miti ya mtu na kibanda chake, baadaye wakalipwa fidia. Mmoja wao akaezeka nyumba yake kwa bati. Tangu hapo neno tathmini masikioni mwetu lilikuwa na maana moja tu, nayo ni bati.

Longino alifika nyumbani kabla yangu, anatembea kama anacheza. "Tekla," aliniambia, "tunafanyiwa tathmini!" Nami nilifurahi. Kwa nini nisifurahi? Nilikuwa bibi harusi bado, naiona nyumba yangu inang'aa kwa mbali.

Haikuchukua muda, kijiji kizima kikaingia kupanda. Watu walikuwa wamejifunza kwenye nguzo za umeme kwamba mti una thamani kuliko zao la msimu. Wakatafuta machipukizi ya migomba, wakatafuta miche ya mitiki, wakachomeka kila palipo na nafasi. Na palipokosekana nafasi, waling'oa mpunga.

Longino naye aling'oa. Nilimkuta amepinda mgongo katika jaruba letu la kwanza, mpunga ameurundika kwenye tuta, mizizi yake myeupe inatazama jua. Akaniambia nilete migomba. Nikaibeba. Mwanangu, nilisimama pale na mche wa mgomba mkononi, miguu imo ndani ya maji, nikawa najiuliza mgomba utaishije hapa. Ndipo nikamwona mama mkwe anakuja juu ya tuta, jembe begani.

"Longino, unafanya nini?"

"Mama, tathmini inakuja. Mpunga hauna bei kwao, wanahesabu miti."

"Tathmini ya nini?"

"Ya mashamba, mama. Si ulikuwepo mkutanoni?"

"Nilikuwepo. Nilisikia tathmini ya athari. Athari ni nini?"

Longino akacheka. "Hayo ni maneno yao ya ofisini, mama. Kila mtu ameelewa."

"Nitajie mmoja aliyekueleza."

Longino akanyoosha mgongo. Alitazama upande wa jirani, ambako watu wengine nao walikuwa wamepinda migongo wakiendelea kung'oa, akaona ni wengi. Akainama akaendelea. Mama yake alinigeukia mimi. "Tekla, kesho tunakwenda Ifakara mimi na wewe."

"Kumwuliza nani, mama?" Longino aliuliza bila kuinua kichwa.

"Yule binti aliyekaa kimya. Yule bwana aliyehutubia alikuwa na haraka."

Tulikwenda kwa miguu, mama mkwe amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu ameshika mkononi hadi tulipoingia mjini. Ofisini tuliambiwa tungoje, tukangoja. Watu waliingia wakatoka, sisi tuko kwenye benchi. Nilikuwa naona haya. Nilijiona nina matope hata pale nilipokuwa safi. Nikamnong'oneza, "Mama, labda turudi." Akaniambia, "Hatukuja kuomba. Tumekuja kuuliza."

Yule binti alipotuona alisimama. "Shikamooni mama zangu."

"Marahaba, mwanangu. Tunatoka Lumemo. Juzi mlikuja mkasema maneno, na mimi sikuyaelewa. Nataka unieleze kama unavyomweleza mama yako."

Jina lake Rehema. Uso wake ulibadilika, mwanangu, kama mtu aliyekuwa anangoja mgeni akakata tamaa kisha mgeni akapiga hodi. Akavuta kiti akakaa karibu nasi. "Mama, uliza lolote."

"Tathmini ya athari. Mtatulipa?"

"Hapana, mama. Ile ya kulipa ni tathmini ya fidia, inahusu mtu anayeondolewa mali yake. Hii ni nyingine. Athari ni yale yatakayowapata ninyi, na mto, na samaki, na ardhi, kwa sababu ya mradi. Tunachunguza kabla hatujajenga, ili kama kuna ubaya utakaotokea, tuujue mapema tuuzuie."

"Na anayeujua huo ubaya ni nani?"

"Wataalamu watapima. Lakini na ninyi mtasema. Ndiyo maana ya kushirikishwa. Mdau ni kila mtu ambaye jambo litamgusa. Wewe ni mdau, mama. Huyu binti yako naye ni mdau."

Nilijisikia nimepewa cheo. Bi Paskalina hakutabasamu. Aliuliza tena, "Na shughuli za kibinadamu za kudumu? Kuna anayesema ni harusi na ngoma."

"Kulima kila mwaka. Kujenga. Kufyatua matofali. Mambo yanayokaa na kuubomoa ukingo. Kuchota maji hakukatazwi, wala harusi haikatazwi."

Hapo ndipo nilipocheka, nikimfikiria yule mzee. Lakini mama mkwe alikuwa hachekeshwi na lolote. Aliweka kidole juu ya meza. "Mto uko hapa." Akasogeza kidole kidogo sana. "Shamba langu linaanzia hapa. Alilima mama yangu. Je?"

Rehema alikitazama kile kidole. Nikajua jibu kabla hajalitoa. "Mama, sipendi kukudanganya. Sehemu ya shamba lako imo ndani ya mita sitini. Ulichopanda sasa, sisi hapa ofisini tulikubaliana watu wavune kwanza. Baada ya hapo sehemu ile iachwe, majani na matete yaote, yashike udongo. Hilo ndilo eneo la kinga."

Ninyi vijana siku hizi mnaliita bafa. Ni lile lile.

Tukaanza safari ya kurudi. Tulipofika kwenye kijito kabla ya njia ya kijijini nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Mama, afadhali tusingekwenda."

Alisimama akaweka viatu vyake chini. "Tusingekwenda, shamba lingetoka mle ndani?"

"Hapana, mama."

"Basi ningeambiwa siku nimeshapanda msimu mwingine, na anayeniambia ana hasira." Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akilia akiwa hajafiwa. "Nilipokuwa msichana," akasema, "mto ulikuwa mbali na shamba letu. Tulikuwa tunatumwa maji, tunakwenda tunaimba, tunafika tumechoka. Sasa ukiangusha kata inaingia mtoni. Nilikuwa naona ukingo unaondoka kila masika, nikawa nahamisha tuta tu. Sikutaka kuuliza unaondoka kwa nini."

Tulipofika tulimkuta Longino amemaliza kung'oa jaruba la pili. Mama yake alimweleza maneno yote ya Rehema, moja baada ya jingine, pamoja na lile la shamba lake mwenyewe. Longino alikaa juu ya tuta. Sijawahi kumwona mtu mrefu vile akawa mdogo vile.

"Mama, nisamehe. Mimi ndiye ninayejua kusoma hapa."

"Kutojua neno si kosa," alimwambia. "Hata mimi sikulijua. Nimekukasirikia kwa sababu uliona haya kuuliza, ukaona heri kung'oa chakula cha mke wako kuliko kunyoosha mkono mbele za watu. Mkutano mzima uliitikia ndiyo, na wewe ukaogopa kuwa peke yako." Alinyanyuka. "Miche ya mpunga ninayo bado kidogo kwenye kitalu. Twendeni tukachukue kabla haijazeeka."

Tulipandikiza siku ile na siku iliyofuata, mikono ya sisi watatu. Ilikuwa imechelewa. Longino alizunguka vilevile kwa majirani kuwaambia. Wapo waliosikia wakaacha kung'oa. Wapo waliomwambia anataka kubaki na fidia peke yake. Masika yalipokolea, migomba ikaoza kwenye maji, mitiki ikageuka manjano ikafa. Yule mzee wa harusi alikuwa ameng'oa karibu shamba zima, na mwaka ule mwanawe hakuoa kweli, lakini si kwa sababu ya sheria. Ni kwamba hapakuwa na cha kuwapikia wageni. Shamba letu lilitoa mpunga mwembamba, wenye makapi mengi. Tulikula chakula cha shamba la mama mkwe.

Kiangazi wataalamu wakaja kuifanya hiyo tathmini, Rehema akiwa miongoni mwao. Kiongozi wao alipofungua mkutano, swali la kwanza lilikuwa, "Mtatulipa lini?" La pili vilevile. Alipoeleza mfereji utakapopita, na kwamba hakuna malipo, watu wakaanza kuguna, wengine wakasimama waende zao. Nilimwona Bi Paskalina anamtazama mwanawe. Hakumgusa, hakumwita.

Longino akanyoosha mkono.

"Mimi nina swali. Lakini kwanza niseme, mara ya kwanza sikuuliza, nikang'oa mpunga wangu." Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, maana wengi waliokuwa wakicheka nao waling'oa. "Athari tumeelezwa kuwa ni yale yatakayotupata kwa sababu ya mradi. Sasa mmesema tuta la mfereji litapita pale kwenye uwanda ulio chini ya mashamba yetu. Maji ya masika yote ya upande wa juu yanapita hapohapo kuteremka bondeni. Tuta likisimama, maji yatapitia wapi? Je, mashamba ya juu kugeuka ziwa, na hiyo ni athari?"

Kiongozi akasema, "Ndiyo, ndugu. Hiyo ni athari hasa. Tuoneshe."

Wakatoka wote, na sisi nyuma yao. Longino akawaonesha alama za maji kwenye vigogo vya miti. Mwanangu, baada ya hapo hakuna aliyekaa kimya. Wavuvi walionesha vijito ambamo kambale hupanda kutaga mayai. Wasukuma waliokuwa wakiishi pembezoni mwa kijiji walionesha njia wanayopitisha ng'ombe kwenda kunywa. Yule mama aliyesema wadau ni wenye malori alisema kuliko wote, tukamwomba apumzike. Rehema aliandika hadi karatasi zikamwishia.

Skimu ilipojengwa, tuta liliachiwa makalavati makubwa pale uwandani. Ukipita leo utayaona, na masika maji yanapita humo bila kumdhuru mtu. Shamba letu lipo. Ndilo lililomsomesha mama yako.

Bi Paskalina alivuna mpunga wake wa mwisho wa kando ya mto, akavuna na masazo yote, kisha hakuligusa tena jembe upande ule. Matete yakarudi, na ndege wakarudi nayo. Sikuambii hakuumia. Mara nyingine jioni nilimwona amesimama pale mpakani, mikono nyuma, anatazama mahali mama yake alipokuwa akilima. Nami nilimwacha asimame. Longino alimkatia sehemu katika shamba letu, akawa analima pamoja nasi hadi nguvu zilipomwisha. Wote wawili sasa wamelala kule makaburini, na mimi nimebaki na maneno yao.

Basi sikiliza nasaha yangu. Mkulima wa leo halimi kwa jembe na mvua peke yake. Analima pia ndani ya maneno ya watu wengine. Eneo la kinga, pori tengefu, kibali cha kutumia maji, tathmini, viuatilifu vilivyozuiwa, yote hayo yanakaa juu ya shamba lako, uyajue usiyajue. Usilipokee neno kwa sababu linafanana na jingine unalolijua. Ukiambiwa eneo limetengwa, uliza limetengwa kwa ajili ya nani na nini kinaruhusiwa humo. Ukiambiwa kuna kibali, uliza kinatolewa na nani, cha muda gani, na kinakupa haki gani. Uliza hadharani, maana aliye nyuma yako naye hajaelewa, anangoja mtu aanze. Na kama jibu litakuumiza, lipokee mapema, ungali na mahali pa kupanda. Ukishalijua neno, litumie kusema. Sheria ile ile inayokuzuia kulima ukingoni ndiyo inayomlazimu mwenye mradi akusikilize.

Mwanangu, Mungu akubariki. Akupe mvua ya kiasi na jua la kiasi. Akupe ulimi usioona haya, na masikio ya kungoja jibu hadi mwisho. Wanao walime walipolima wazazi wako, mto ukiwa bado una maji, na nyumba yako isikose chakula cha kumpa mgeni. Amina.